Seva ikifungwa, mchezo unakwenda wapi?

Katika komine za Kisangani, kuanzia Makiso hadi Mangobo, na ng'ambo ya mto kule Lubunga, chumba cha kuchezea PlayStation hakihitaji mambo mengi: televizio, mashine, manete mbili, benchi na umeme. Mtu analipa mechi yake, anakaa, anacheza. Umeme ukikatika, watu wanapiga kelele, wanatoka nje, wanasubiri. Ukirudi, mechi inaanza tena. PES 2014, iliyotoka mwaka 2013 na ambayo ndiyo PES ya mwisho kutengenezwa kwa PlayStation 2, inafunguka leo sawa na siku ile ya kwanza, mradi diski haijakwaruzwa sana.

Lakini iko michezo mingine ambayo ikizimika hairudi. Umeme upo, mega zipo kwenye simu, simu yenyewe ni mpya, na bado mchezo haufunguki. Mtu anabonyeza alama yake, anakuta maandishi mafupi tu ya kumuaga: huduma imekwisha, asante kwa kucheza. Timu aliyoijenga miaka mitatu haiko. Marafiki aliokuwa anawakuta kila usiku hawako. Hakuna mtu aliyemwibia simu, hakuna kilichovunjika. Kule mbali, mahali ambapo hajawahi kufika, watu wamezima mashine.

Hiyo mashine ndiyo inaitwa seva. Na wengi wanajua maana yake siku ile tu imekwisha kuzimwa.

Mchezo hauko wote ndani ya simu

Ili kuelewa, tufikirie mechi kwenye uwanja wa Stade Lumumba. Wachezaji wanakuja na viatu vyao na jezi zao. Lakini uwanja si wao. Mwamuzi si wao. Kitabu cha matokeo kinakaa kwa wenye kupanga mashindano. Mlango wa uwanja ukifungwa, viatu vinabaki mikononi mwa wachezaji, lakini mechi hakuna.

Mchezo wa intaneti uko hivyohivyo. Simu inabeba picha, sauti na vitufe. Seva ndiyo inabeba yaliyobaki: jina lako, timu yako, sarafu zako, kiwango ulichofikia, na ule uamuzi wa nani amefunga bao. Unapogusa kioo, simu inatuma habari hadi kwenye seva, seva inaamua, kisha inarudisha jibu. Hayo yote yanafanyika kabla hujapepesa jicho, kama mtandao ni mzuri. Mtandao ukiwa dhaifu, ndipo unaona mchezaji wako anakwama uwanjani wakati mpinzani tayari yuko golini.

Wakaaji wa Kisangani, kama Wakongo wengine wote, waliwahi kuionja hali hiyo kwa muda. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2018, intaneti ilikatwa nchini kote kuanzia siku iliyofuata, na ilikaa hivyo karibu siku 20. Wenye simu waliona wenyewe tofauti: michezo mingine iliendelea kufunguka kama kawaida, mingine ikabaki inazunguka tu bila kuingia. Mtandao uliporudi, kila kitu kilirudi, kwani seva zilikuwa bado zinafanya kazi kule ziliko. Kufungwa kwa seva ni kinyume chake. Wewe uko, mtandao uko, ila wao ndio hawako tena.

Shamba la watu milioni 80

Wale ambao leo wana miaka thelathini na zaidi wanakumbuka wakati wa siberi, yaani vyumba vya kukodi kompyuta kwa dakika, kabla kila mtu hajapata simu ya Android. Ndipo watu wengi walijifunza Facebook, na ndani ya Facebook kulikuwa na mchezo wa kulima uitwao FarmVille.

Kampuni ya Zynga iliutoa mwezi wa 6 mwaka 2009. Mwaka uliofuata ulikuwa na wachezaji zaidi ya milioni 80 kwa mwezi, duniani kote. Kazi yake ilikuwa rahisi: unalima, unapanda, unavuna. Ukichelewa kurudi, mazao yananyauka. Jirani anaweza kukusaidia shambani, na wewe unamtumia zawadi. Kwa mtu anayelipa dakika za kompyuta, kurudi kuvuna kwa wakati hakukuwa jambo dogo.

Shamba hilo lilifungwa tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2020. Sababu haikuwa kukosa mvua. FarmVille ilijengwa juu ya Flash, programu ya kampuni ya Adobe iliyokuwa inaendesha michezo na video nyingi za intaneti wakati ule. Adobe iliamua kuacha kuihudumia Flash siku hiyohiyo, na Facebook nayo ikaacha kuipokea michezo ya Flash. Pamoja na shamba lile, michezo mingine mingi ya Flash ikanyamaza kwenye vivinjari. Yapo mashirika na watu wa kujitolea waliofanya haraka kuhifadhi mingi kati ya ile iliyoweza kuchezwa peke yake. Lakini shamba linaloishi kwa majirani huwezi kulihifadhi kwa kunakili faili tu. Majirani hawanakiliki.

Timu iliyobaki upande wa pili

Kwa vijana wa sasa, mfano ulio karibu zaidi ni wa mpira wa miguu. PES ya simu ilikuwa mchezo unaojulikana sana. Watu walikaa miaka wakitafuta wachezaji mmoja mmoja, wakiwafundisha, wakipanga kikosi. Tarehe 2 mwezi wa 6 mwaka 2022, kampuni ya Konami ilibadilisha PES 2021 ya simu kuwa eFootball. Mchezaji alipata mchezo mpya mahali pa ule wa zamani, kwenye simu ileile. Lakini timu aliyokuwa ameijenga haikuvuka jinsi ilivyokuwa. Ilikuwa kama kuvuka kwenda Lubunga na kukuta mzigo umebaki ng'ambo hii, wakati mtumbwi hauendi tena.

Ndiyo maana bado unasikia mtu akisema: "Ile PES ya zamani, njo ilikuwa PES." Kijana wa pembeni atacheka na kumwambia mpya ina picha nzuri zaidi. Wote wawili wana haki. Mmoja anazungumzia ubora wa mchezo, mwingine anazungumzia miaka yake.

Michezo mingine haikupewa hata muda wa kuzeeka. Apex Legends Mobile ilitoka tarehe 17 mwezi wa 5 mwaka 2022. Kampuni ya Apple iliichagua kuwa mchezo bora wa iPhone wa mwaka huo. Tarehe 1 mwezi wa 5 mwaka 2023 ilifungwa, kabla haijatimiza mwaka mmoja. Kwa hiyo hata kusifiwa hakuzuii kufungwa.

Kwa nini wanafunga?

Ya kwanza ni gharama. Seva inakula umeme mchana na usiku, inahitaji mahali pa baridi, inahitaji mafundi wa kuitunza na kuilinda dhidi ya wezi wa mtandao. Wachezaji wakipungua, mapato yanapungua, lakini gharama haipungui kwa mwendo uleule. Siku moja mhasibu anapiga mstari.

Ya pili ni haki za majina. Mchezo wa mpira unatumia majina ya klabu, jezi na sura za wachezaji. Mchezo wa magari unatumia magari ya kampuni za kweli. Majina hayo yanakodiwa kwa muda. Mkataba ukiisha, kampuni inalipa tena au inaondoa mchezo sokoni.

Ya tatu ni ufundi kuzeeka, kama ilivyokuwa kwa Flash. Na ya nne, ambayo kampuni haziisemi kwa sauti kubwa, ni biashara: mtu anayeendelea kufurahia mchezo wa zamani hana haraka ya kununua mpya.

Kwa nini inauma hivyo?

Mzee anaweza kuuliza: mchezo tu, mbona mtoto ana huzuni kama aliyefiwa? Jibu liko ndani ya historia ya neno lenyewe. Mwaka 1688 daktari Johannes Hofer wa Uswisi aliunda neno nostalgia, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki: kurudi nyumbani, na maumivu. Hakuwa anazungumzia vitu vya zamani. Alikuwa anaeleza ugonjwa wa watu walioishi mbali na kwao, wakidhoofika kwa hamu ya mahali.

Mahali. Neno hilo linaeleza mengi. Wazee wa Boyoma wakikumbuka mji wa zamani, hawakumbuki ukuta na barabara peke yake. Wanakumbuka nani alikuwa anasimama pale kwenye kona, na muziki uliokuwa unasikika. Mchezo wa intaneti nao ni mahali. Watu walikutana pale baada ya shule au kazi. Wengine walifahamiana kwa majina ya kubuni tu, bila kuonana uso kwa uso. Seva ikifungwa, mtu hana hata njia ya kumuuliza mwenzake: uko wapi siku hizi?

Tofauti na mji ni hii: mji wa zamani, hata ukibadilika, unaweza kupita barabara yake kwa toleka na kumwonyesha mtoto wako kwamba hapa ndipo palikuwa hivi. Mahali pa seva hakuna barabara ya kupita.

Ndiyo sababu watu wengine hawataki kutoka. Tarehe 15 mwezi wa 4 mwaka 2010, Microsoft ilizima huduma ya intaneti ya Xbox ya kwanza. Wachezaji wachache wa Halo 2 waliokuwa ndani waligundua kwamba wasipozima mashine zao, bado wanabaki wameunganishwa. Wakakaa. Siku baada ya siku mashine zikazidi joto, mmoja anatoka, mwingine anatoka. Wa mwisho aliondoka mwezi wa 5, karibu wiki nne baada ya kufungwa. Hawakuwa wanatafuta ushindi. Ilikuwa kama watu wanaobaki kwenye kiti cha matanga, wakiogopa kwamba wa mwisho akisimama, basi imekwisha kweli.

Wale wanaofufua

Si kila mchezo unaofungwa unabaki kaburini. Wachezaji wenye ufundi wa kompyuta wanaweza kuchunguza jinsi mchezo ulivyokuwa unaongea na seva, kisha wakaandika seva yao wenyewe inayojibu namna ileile. Mashabiki wa PES walifanya hivyo: kwa ajili ya PES 5 na PES 6 waliandika programu iitwayo Fiveserver, inayotolewa bure, ili watu waendelee kukutana kwa intaneti bila kuitegemea Konami.

Mfano mkubwa zaidi ni City of Heroes, mchezo wa mashujaa uliofunguliwa mwaka 2004 na kufungwa tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 2012. Wachezaji waliandamana, waliandika barua, kampuni haikugeuka. Mwaka 2019 programu ya seva ilitoka hadharani, na kundi la mashabiki liitwalo Homecoming likaufungua tena bila ruhusa. Mwaka 2024 kampuni ya NCSoft, yenye mchezo huo, ikawapa ruhusa rasmi. Kutoka kufungwa hadi ruhusa ilipita miaka zaidi ya 11.

Kufufua kuna mipaka yake. Bila ruhusa ya mwenye mchezo, anayefungua seva anaweza kushitakiwa na kuifunga siku yoyote. Tena majengo yanaweza kurudi bila watu kurudi. Wale waliokuwa na miaka 15 wakati ule sasa wana watoto, wana kazi, wana usingizi. Wanaingia, wanatembea kidogo, wanatazama, wanatoka. Wengi wanasema hiyo kidogo inawatosha.

Umenunua, au umekodi?

Swali lililowasha moto duniani lilitoka kwenye mchezo wa magari uitwao The Crew, wa kampuni ya Ufaransa Ubisoft. Ulitoka mwezi wa 12 mwaka 2014, na watu waliokwisha kuucheza walipita milioni 12. Mtu aliweza kuendesha gari peke yake katika ramani ya Marekani, lakini hata hivyo mchezo ulidai kuunganishwa na seva kila wakati. Tarehe 31 mwezi wa 3 mwaka 2024 seva zilizimwa. Waliokuwa wameulipia, hata wenye diski mkononi, wakabaki na plastiki.

Ross Scott, Mmarekani anayetengeneza video za YouTube, akaanzisha kampeni inayosema kampuni ziache kuua michezo. Kampeni haidai seva ziwashwe milele. Inadai kitu kidogo zaidi: kampuni inapoondoka, iache mchezo katika hali ambayo mnunuzi anaweza bado kuutumia. Katika Umoja wa Ulaya, maombi ya raia yalifunguliwa tarehe 31 mwezi wa 7 mwaka 2024, na katika mwaka mmoja saini zilipita milioni 1, ambayo ndiyo idadi inayotakiwa ili wakubwa wa Ulaya walazimike kujibu. Ubisoft yenyewe iliahidi kwamba The Crew 2 itapata njia ya kuchezwa bila intaneti.

Upande wa Marekani, jimbo la California lilipitisha sheria iliyoanza kutumika mwaka 2025. Inakataza muuzaji kutumia neno "nunua" kwa mchezo wa kidijitali unaoweza kuondolewa baadaye, bila kumweleza mteja wazi kwamba anapewa ruhusa ya kutumia tu. Sheria hizo ni za mbali. Lakini mchezo unaouzwa kule ndio huohuo unaofunguka kwenye simu ya Kisangani, na mabadiliko yakifanyika kule yanaweza kufika hapa pia.

Mchezaji afanye nini?

Hakuna mtu anayeweza kuizuia kampuni kuzima mashine yake. Lakini kuna mambo ya kufanya kabla ya siku hiyo.

Kwanza, jaribu mchezo ukiwa umezima mtandao wa simu. Ukifunguka na kuchezeka, sehemu kubwa iko mikononi mwako. Ukikataa hata kuingia, jua kwamba umekaribishwa nyumbani kwa mtu, na siku moja utaombwa utoke.

Pili, kabla ya kutoa franka zako kununua sarafu za mchezo, jiulize kama pesa hiyo ni ya kufurahia leo. Ikiwa ndiyo, sawa, kama vile umelipa mechi kwenye chumba cha PlayStation. Ikiwa unaona unaweka akiba, simama. Na mchezo uliokwisha kutangaza tarehe ya kufungwa, usiutilie hata franka moja.

Tatu, piga picha za kioo: timu yako, ushindi wako, majina ya wenzako. Kampuni ikifuta seva, picha hizo ndizo pekee zinazobaki. Chukueni pia namba za simu na wale mnaoaminiana, ili urafiki usifungwe pamoja na mchezo.

Nne, jihadhari na faili za APK zinazosambazwa zikiahidi kurudisha mchezo uliofungwa. Baadhi ya faili za namna hiyo zimebeba programu za wizi, na simu hiyohiyo ndiyo yenye pesa zako. Hamu ni mlango ambao mwizi anaujua vizuri.

Na kwa wenye vyumba vya PlayStation: zile diski za zamani na kadi za kuhifadhia, msizitupe. Zitunzeni mbali na vumbi na unyevu. Sony iliacha kutengeneza PlayStation 2 mwaka 2013, lakini diski moja nzima na mashine moja inayowaka zinatosha kufungua mechi bila kumwomba mtu ruhusa.

Wasichana wanaocheza nzango shuleni hawajui neno seva. Mchezo wao uko miguuni na katika wimbo, na mkubwa anamfundisha mdogo. Wazee wanaocheza dama kwa vifuniko vya chupa nao hawajui. Michezo hiyo inakaa kwa sababu imewekwa mikononi mwa wanaoicheza. Ile ya intaneti imewekwa mikononi mwa mwingine. Icheze, ifurahie, kutana na watu pale. Ila jioni moja, wakati mlango bado uko wazi, muulize yule mwenzako wa kila siku jina lake la kweli.